Dirisha la stoo, mashine ya kutolea vifaa au visanduku viwili: namna ya kuchagua kwa kiwanda chako

Katika viwanda vingi mkuu wa stoo na meneja wa uzalishaji hugombana juu ya jambo moja kila mwezi: vifaa vinavyosomeka kwenye leja havionekani kwenye rafu, na vinavyoonekana kwenye rafu si vile vinavyotakiwa. Glavu huisha kabla ya tarehe 20, biti za drili za saizi moja hujaa huku za saizi nyingine zikiazimwa kutoka karakana jirani, na kila upande una maelezo yake. Anayetafuta dawa ya hali hii siku hizi hukutana na njia tatu, nazo ni kuimarisha stoo ya dirisha aliyonayo, kuweka mashine ya kutolea vifaa, au kutumia utaratibu wa visanduku viwili. Makala haya yanazilinganisha kwa vigezo vilevile, ili msomaji aone ipi inakifaa kiwanda chake, na zaidi ya hapo, ipi inakifaa kila kifaa.

Tuanze kwa kueleza kila njia inavyofanya kazi. Katika stoo ya dirisha, fundi hujaza vocha, msimamizi wake husaini, kisha mtunza stoo hutoa kifaa, hupunguza idadi kwenye kadi ya rafu na baadaye huingiza kwenye leja au kompyuta. Mashine ya kutolea vifaa hufanya kazi kama ATM: mfanyakazi hujitambulisha kwa kadi, namba ya siri au kidole, huchagua anachotaka kwenye skrini, na mashine humpa huku ikiandika ni nani, amechukua nini, saa ngapi na kwa kazi ipi. Mashine hizi ni za aina kuu mbili. Ya kwanza ina springi ndefu zilizolala, ambapo springi ikizunguka mara moja husukuma kitu kimoja kikaanguka chini. Ya pili ni kabati lenye vyumba au droo ndogo zenye kufuli la umeme, ambapo hufunguka kile tu kilichoombwa. Utaratibu wa visanduku viwili ni mkongwe na hauhitaji skrini: kila bidhaa ina visanduku viwili vilivyopangwa kimoja nyuma ya kingine, cha mbele kikiisha cha nyuma huvutwa mbele, na kadi iliyomo kwenye kisanduku kitupu ndiyo oda ya kujazia. Ni ndugu wa kanbani, mfumo wa kuagiza kwa kadi uliokuzwa na kampuni ya Toyota nchini Japani.

Wazo la mashine si geni kama linavyotangazwa. Bob Kierlin, aliyeanzisha kampuni ya Fastenal mjini Winona, Minnesota, mwaka 1967, alitaka tangu mwanzo kuuza nati na bolti kwa mashine, lakini wazo hilo lilikwama kwa sababu saizi zilikuwa nyingi mno kutosha ndani ya mashine, akaishia kufungua duka la kawaida. Miongo kadhaa baadaye kampuni hiyohiyo ilirudi kwenye mashine, na leo imeweka makumi ya maelfu ya mashine hizo kwenye viwanda vya wateja wake, zikitoa zaidi glavu, miwani ya usalama na vifaa vya kukatia. Bolti kwa sehemu kubwa zilibaki kwenye visanduku. Anayefanya uamuzi leo hana budi kuielewa tofauti hiyo kabla ya kutazama bei.

Vigezo tunavyovitumia ni vitano: gharama nzima, upatikanaji wa kifaa katika zamu zote, ukweli wa kumbukumbu, kufaa kwa umbo na tabia ya kifaa chenyewe, na uwezo wa njia hiyo kustahimili mazingira yake, yaani umeme, mtandao, watu na sheria.

Gharama

Stoo ya dirisha huonekana rahisi kwa sababu gharama zake zimekwisha kuzoeleka: mishahara ya watunza stoo kwa idadi ya zamu, chumba, karatasi. Gharama isiyoandikwa popote ni muda wa foleni. Chukua mfano wa karakana yenye mafundi 40, kila mmoja akienda stoo mara 2 kwa zamu, na kila safari ikichukua dakika 8 za kwenda, kusubiri na kurudi. Hizo ni dakika 640, yaani saa 10 na dakika 40 katika kila zamu. Mashine ikiwekwa karibu na eneo la kazi na safari ikashuka hadi dakika 3, zinabaki dakika 240. Wauzaji wa mashine huipenda hesabu hii, nayo si ya uongo, ila dakika zilizookolewa hugeuka fedha pale tu ambapo mtambo ulikuwa umesimama ukimsubiri fundi. Ikiwa alikwenda stoo wakati mashine yake ya kukereza inaendelea kukata yenyewe, kilichookolewa ni miguu yake tu.

Mashine hupatikana kwa njia mbili. Unaweza kuinunua, ukalipia pia programu yake, vipuri na matengenezo. Au msambazaji wa vifaa huiweka kiwandani bila kodi, kwa sharti kwamba utanunua kwake bidhaa za thamani fulani kila mwezi. Mtindo huu ndio ulioeneza mashine hizi Marekani. Hakuna ubaya ndani yake, mradi mnunuzi ajue kwamba mashine ya bure hulipwa kupitia bei ya glavu. Kabla ya kusaini, andika bei unayolipa sasa kwa kila bidhaa itakayoingia kwenye mashine, uilinganishe na bei mpya moja baada ya nyingine, na usikubali kuonyeshwa jumla peke yake. Uliza pia bidhaa zilizomo ndani ni mali ya nani hadi zitakapotolewa, kwa sababu katika mikataba mingine huhesabika kuwa za msambazaji mpaka zianguke, jambo linalopunguza fedha zinazolala kwenye mzigo, na katika mingine umekwisha kuzilipia siku zilipojazwa.

Kwa msomaji wa Afrika Mashariki kuna gharama nyingine ambayo matangazo hayaitaji. Mashine iliyotengenezwa kwa soko la Marekani hutumia umeme wa volti 120 na hezi 60, ilhali Tanzania ina volti 230, Kenya volti 240, zote kwa hezi 50. Anayeagiza mashine iliyotumika kwa sababu ya bei nzuri ahakikishe kwanza kama inakubali umeme wa hapa au itahitaji transfoma, na kama yupo fundi wa kuitengeneza asiyelazimika kupanda ndege.

Visanduku viwili ndiyo njia ya bei ndogo kuliko zote kuanzisha, kwani inataka rafu, visanduku, kadi na mtu wa kupita kujaza. Gharama yake imejificha kwenye mzigo, kwa kuwa kila bidhaa hulala pale katika mafungu mawili. Kwa washa na skrubu hilo si kitu, lakini kwa kisu cha kabidi, metali ngumu ya kukatia chuma, chenye bei ya mshahara wa wiki ni fedha nyingi zilizokaa bure, tena bila kufuli.

Upatikanaji

Hapa mashine ina nguvu ya wazi. Saa nane usiku dirisha la stoo limefungwa, ufunguo uko kwa msimamizi wa zamu, naye hufungua, huchukua kinachotakiwa na kuahidi kwamba ataandika asubuhi. Asubuhi ikifika ana usingizi, na nusu ya malalamiko ya leja kutosomeka sawa huzaliwa katika saa hizo. Mashine humhudumia wa zamu ya usiku sawa na wa mchana, na huandika papo hapo.

Hata hivyo mashine haina kitu ambacho hakikuwekwa ndani yake. Mjazaji akija Jumanne na Ijumaa, na kazi ya dharura ikamaliza diski zote za grainda Jumamosi, mafundi watakaa mbele ya kabati linalowaka taa na lisilo na kitu. Swali la kwanza kumuuliza msambazaji liwe ni nani atajaza, siku zipi, na atafanya nini akipigiwa simu siku isiyo ya zamu yake. Visanduku navyo viko wazi saa zote na hakuna wa kuombwa ruhusa, lakini vinategemea uaminifu mdogo wa kila siku: fundi anayekimaliza kisanduku cha mbele ni lazima akiweke mahali pa oda, na asiichukue kadi kuandikia namba ya simu.

Ukweli wa kumbukumbu

Sababu kubwa ya watu kutaka mashine ni kumbukumbu, na ndipo panapohitaji macho makali zaidi. Mashine hujua kwa uhakika kilichotoka, lakini haijui kilichotumika. Tuchukue vipande vya kabidi vinavyofungwa kwenye kishikio cha mashine ya kukereza. Kwa kawaida huuzwa katika kijisanduku cha plastiki chenye vipande 10. Fundi anahitaji 2, springi inamwangushia kijisanduku kizima, na vipande 8 vilivyobaki vinaingia kwenye droo ya meza yake. Ripoti ya mwisho wa mwezi itasema vimetumika 10. Baada ya miezi michache jumla ya akiba iliyolala kwenye droo za mafundi inaweza kuzidi iliyomo kwenye mashine, na hakuna skrini itakayoionyesha. Tiba ipo, nayo ni kutumia droo ndogo zinazotoa kipande kimoja kimoja, au kabati lenye mizani chini ya kila chombo ambalo huhesabu kwa uzito, lakini aina hizo huwa na bei ya juu kuliko ya springi na huhitaji kazi zaidi ya kujaza.

Kosa lingine hutokea mkononi mwa mjazaji. Akiweka biti za milimita 8 kwenye springi ya milimita 8.5, kila kumbukumbu itakuwa safi na kila kifaa kitakuwa siyo, na fundi atagundua baada ya tundu kutobolewa. Upande wa mtumiaji nako, namba ya siri iliyoandikwa kwa penseli ukutani kando ya mashine hufanya jina la mtu mmoja libebe matumizi ya zamu nzima.

Mtunza stoo mzoefu ana sifa ambayo mashine haijaipata. Fundi akija kuomba diski mpya, humwambia alete ile ya zamani. Huiangalia, akaona imeliwa upande mmoja au imepasuka mapema, na akiletewa tatu za namna hiyo kutoka grainda moja katika wiki moja, hutuma taarifa kwa matengenezo kwamba grainda hiyo ina beringi mbovu. Hiyo ni taarifa ya thamani kuliko jedwali la matumizi, na hupotea siku dirisha linapofungwa moja kwa moja. Ubaya wake ni kwamba inategemea mtu. Mtunza stoo huyohuyo akiwa likizo, au akiwa na rafiki upande wa pili wa dirisha, vocha itaandikwa «glavu, 5» bila idara wala kazi, na udokozi utapata njia.

Visanduku havimtambui mtumiaji kabisa. Kinachojulikana ni kasi ya kujazwa tu, kwa mfano kwamba bolti za M10 zimejazwa mara tatu mwezi huu. Kwa bidhaa ya bei ndogo taarifa hiyo inatosha, kwa kuwa muda wa kumfuatilia aliyechukua washa nne una gharama kuliko washa zenyewe.

Jambo moja hupendelea mashine bila ubishi. Mafundi wengi hujiwekea akiba kwa sababu hawaiamini stoo, wakijua kwamba wakihitaji kitu usiku hawatakipata. Wanapozoea kwamba kifaa kipo saa zote, tabia hiyo hupungua, na matumizi hushuka hata kabla ya kuwekewa kikomo chochote.

Umbo na tabia ya kifaa

Springi inataka kitu chenye unene unaolingana na nafasi kati ya mizunguko yake, kisichovunjika kikianguka, na kilichofungwa vizuri. Jozi za glavu zilizokunjwa, plagi za masikio, miwani, barakoa na betri hukubali. Diski za grainda hazifai: za milimita 230 ni pana mno kwa springi nyingi, tena diski ya kukatia iliyoanguka vibaya inaweza kupata ufa usioonekana, nayo ikifungwa kwenye grainda ni hatari kwa uhai. Hizo zikae kwenye chumba cha kabati au stoo. Maikromita na vipimo vingine vya usahihi, ambavyo huazimwa na kurudishwa, vinafaa kabati la vyumba, kwa kuwa kila kimoja kina makazi yake na mfumo unaweza kukataa kukitoa kikiwa kimepitiliza tarehe ya kuhakikiwa.

Vijiti vya kuchomelea vya aina ya E7018 visiingie kwenye mashine wala kisanduku cha wazi. Vikishafunguliwa hunyonya unyevu wa hewa, na ndiyo maana kanuni ya uchomeleaji wa miundo ya chuma ya Marekani, AWS D1.1, huviruhusu kukaa nje ya oveni kwa saa 4 tu kwa kawaida. Mombasa, Tanga au Dar es Salaam, pwani kwenye unyevu wa mwaka mzima, ni vizuri kulichukulia hilo kwa uzito. Oveni na mtu wa kuitunza hukaa stoo, na vijiti hutolewa kidogo kidogo. Bolti, nati, washa na skrubu ni za visanduku. Beringi kubwa, mikanda na mota hazina njia nyingine isipokuwa stoo.

Umeme, mtandao, watu na sheria

Stoo na visanduku huendelea umeme ukikatika. Kabati lenye kufuli la umeme kwa kawaida hubaki limefungwa, kwa hiyo uliza kuhusu betri ya akiba na ufunguo wa mkono, na nani ataushika. Uliza pia kama mashine hutunza kumbukumbu ndani yake mtandao unapopotea na kuzituma baadaye, kwa sababu mfumo unaotaka kuzungumza na seva kabla ya kila utoaji haufai eneo lenye mtandao wa kubahatisha.

Kwa upande wa watu, tahadhari kubwa ni vikomo. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya Tanzania ya mwaka 2003, na ile ya Kenya ya mwaka 2007, humtwisha mwajiri wajibu wa kuwapatia wafanyakazi vifaa vya kujikinga. Mashine iliyopangwa kutoa jozi moja ya glavu kwa wiki itamkatalia mtu ambaye jozi yake imelowa oili siku ya pili, naye ama ataazima kadi ya mwenzake ama atafanya kazi mikono mitupu. Kwa vifaa vya kujikinga ni busara kuweka kikomo kinachotuma taarifa kwa msimamizi bila kufunga mlango, na kubakiza kikomo kinachofunga kwa visu na biti za bei kubwa.

Utambuzi kwa kidole unahitaji kufikiriwa mara mbili. Mafundi wa grainda, saruji na uashi huwa na vidole vilivyosagika, na kisomaji hushindwa kuwatambua mara kwa mara. Zaidi ya hayo, alama za vidole ni taarifa binafsi zinazoguswa na sheria ya Kenya ya mwaka 2019 na ya Tanzania ya mwaka 2022, hivyo mwajiri anapaswa kueleza anazikusanya kwa nini, anazihifadhi wapi na nani anaziona. Kadi ya kazini hufanya kazi hiyohiyo bila mzigo huo.

Uchaguzi kwa hali tofauti

Karakana ya zamu moja yenye mafundi wasiozidi 20 na dirisha lililo hatua chache kutoka mashineni haina sababu ya haraka ya kununua mashine. Itafaidika zaidi kwa kadi za rafu zinazojazwa kila siku, utaratibu wa kuleta cha zamani ili kupata kipya, na visanduku viwili kwa bolti na skrubu ili mtunza stoo asipoteze asubuhi akihesabu washa.

Kiwanda cha zamu mbili au tatu, ambacho usiku hakina mtunza stoo na vifaa vya kujikinga hupotea bila maelezo, ndicho kinachoifaa mashine ya springi kwa urahisi zaidi. Kianze na mashine moja yenye bidhaa chache zinazotembea kwa kasi, karibu na eneo lenye watu wengi, na mtunza stoo wa mchana abaki, muda wake ukihamishiwa kwenye kupokea mzigo na kukagua vilivyochakaa.

Karakana ya ukerezaji inayotumia visu na vipande vya kabidi vya bei kubwa ielekeze fedha zake kwenye kabati la droo au la mizani, hata kama mashine ya springi ni rahisi kwa nusu ya bei, kwa sababu ya lile tatizo la kijisanduku cha vipande 10. Kama haiwezi kumudu kabati hilo, ni afadhali ibaki na dirisha na kutoa kipande kimoja kimoja kwa mkono.

Kiwanda cha kuunganisha bidhaa, ambapo bolti na nati ndizo uhai wa kila siku, kiweke visanduku viwili kwenye mstari wa kazi na kumpa msambazaji jukumu la kujaza, kwa mkataba unaotaja siku za kupita na adhabu ya kisanduku kilichokutwa kitupu.

Kiwanda kilicho mbali na mji, chenye umeme wa kukatika na msambazaji aliye umbali wa siku nzima ya safari, kisidanganywe na ripoti nzuri za mashine. Kikiitaka kwa ajili ya zamu ya usiku, kiinunue chenyewe, kimfunze mtunza stoo wake kuijaza, na kishikilie akiba ya kutosha nyuma ya dirisha, kwani hapo msambazaji hawezi kuwa ndiye mjazaji.

Na anayesitasita kati ya mashine na stoo afanye jaribio dogo kabla ya kuitisha bei: kwa mwezi mmoja aandike kila kifaa kilichotolewa, saa kilipotolewa, na kama kilitoka kwa vocha au kwa ahadi ya kuandika baadaye. Ikiwa ahadi hizo ni chache na ziko mchana, tatizo lake liko kwenye uandikaji, na kalamu italimaliza kwa bei ndogo. Ikiwa nyingi ziko usiku na kwenye bidhaa zilezile tano au sita, tayari ana orodha ya vitu vya kuanzia kuweka kwenye mashine.